Kabla ya Kuuza Ngao ya Mzee



Katika nyumba zetu kuna vitu ambavyo hatujui bei yake mpaka siku mtu anapopiga hodi akitaka kuvinunua. Kigoda cha bibi, kibuyu cha maziwa, sanduku la mbao ambalo babu alikuja nalo kutoka Pwani, na katika familia nyingi za huku kwetu chini ya Mlima Meru, ngao ya ngozi iliyotundikwa nyuma ya mlango. Miaka yote tunavipangusa vumbi tu. Kisha inakuja shida, na nyuma ya shida anakuja mnunuzi.

Tunaandika haya kwa sababu umoja wetu wa akina mama hapa Daraja Mbili ulilazimika kujifunza namna ya kupima thamani ya ngao. Hakuna kati yetu aliyekuwa mtaalamu wa vitu vya kale. Tuna wauza mboga, washonaji, mwalimu mmoja mstaafu, na sisi wauguzi wawili. Lakini tuliyojifunza yanafaa kwa kila nyumba yenye kitu cha urithi, hata kama si ngao.

Shida ilivyoanza

Mwenzetu mmoja ni mjane. Mume wake alikuwa Mwarusha, na aliacha ngao ambayo ilikuwa ya babu yake. Kijana wao wa pili anaendesha bodaboda. Siku moja aligongwa na gari barabarani, mfupa wa paja ukavunjika. Alilazwa, na familia ikaambiwa kwamba anahitaji upasuaji wa kuwekewa chuma. Gharama yote ilikadiriwa kuwa shilingi laki tisa na nusu. Bima hakuwa nayo.

Siku ya tatu, kabla hata machozi hayajakauka, dalali alifika nyumbani. Alizungumza kwa upole kabisa. "Mama, pole sana. Nimesikia kijana amelazwa. Ile ngozi pale nyuma ya mlango ni kuukuu, wadudu wanaila, lakini kwa kuwa nataka kukusaidia nitakupa laki moja na ishirini sasa hivi." Mama wa watu aliposita, akaongeza mpaka laki mbili, akazitoa mfukoni na kuzihesabu juu ya meza.

Hebu tutafakari jambo hilo. Mtu aliyekuja kutoa msaada hahitaji kuondoka na kitu chako. Na anayesema kitu ni kuukuu, kinaliwa na wadudu, kisha akaongeza bei kwa elfu themanini ndani ya dakika tano, amekwisha kutuambia kwamba haamini maneno yake mwenyewe. Dalali yule hakuanza kwa kupima ngao. Alianza kwa kupima shida. Alijua kijana yuko kitandani, alijua baba hayupo, alijua mama hajalala siku mbili. Hiyo ndiyo mizani aliyokuja nayo.

Mwenzetu alimjibu vizuri: "Baba, ngoja kwanza niongee na shemeji yangu." Dalali akasema kesho hatakuwapo. Kwa kweli kesho yake alikuwapo, na keshokutwa pia.

Kwanza ondoeni haraka

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini kumwambia mama mwenye mgonjwa asiwe na haraka bila kumsaidia ni maneno matupu. Haraka yake ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyotakiwa kushughulikiwa kwanza.

Sisi wauguzi tulimpeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii pale pale hospitalini. Akina mama wengi hawajui kwamba hospitali zetu kubwa zina maafisa hao, na kwamba kazi yao mojawapo ni kusikiliza familia isiyoweza kulipa kwa mara moja. Walikubaliana alipe kwa awamu. Umoja wetu ulichanga laki mbili na nusu. Shemeji yake wa Ilboru aliuza fahali mmoja. Kijana akafanyiwa upasuaji, na deni likabaki, lakini lilikuwa deni lenye tarehe, si kisu shingoni.

Ndipo tukarudi kwenye ngao tukiwa na akili zetu. Akina mama, hili ndilo la kwanza na kubwa kuliko yote: kitu adimu kikiuzwa siku ya msiba, bei yake ni bei ya msiba.

Kijana na ngao za kwenye simu

Tulipokuwa tukizungumzia jambo hili nyumbani kwa mmoja wetu, mtoto wake wa kidato cha pili aliingilia kati. "Mama, hata kwenye mchezo wetu ngao zina bei." Kumbe vijana wa mtaani hucheza kwenye simu mchezo wa RuneScape, uliotolewa Uingereza mwaka 2001 na kampuni ya Jagex. Humo wachezaji kutoka nchi nyingi hununua na kuuziana silaha, mavazi na ngao.

Tulitaka kumnyamazisha, lakini maelezo yake yalikuwa na mantiki. Alisema iko ngao iitwayo Elysian, ambayo haipatikani mpaka dude moja kubwa lishindwe, na hata likishindwa, mara nyingi sana halitoi kile kinachohitajika ili kuitengeneza. Ndiyo maana bei yake ni kubwa. Alisema pia kwamba wakati wa Krismasi ya mwaka 2001 wachezaji walipewa kofia za sherehe bure. Hazikutolewa tena, na leo kofia hizo ni mali ya matajiri wa mchezo huo. "Mama, mtu hauliza kinafanya kazi gani tu. Anauliza: bado vinatolewa? Viko vingapi? Nani anavitaka leo?"

Maswali hayo matatu tuliyaandika. Lakini tuligundua pia tofauti moja kubwa. Ngao ya kwenye mchezo inafanana na mwenzake kwa kila nukta, na bei yake inasomwa na kila mtu katika soko la humo ndani. Anayeuza na anayenunua wanaona tarakimu ile ile. Ngao ya nyuma ya mlango haina mwenzake. Hakuna ubao wa bei popote. Mnunuzi amekwisha kuona mia, muuzaji ameona moja tu maishani mwake. Hapo ndipo mjane hupunjwa.

Kijana alituambia na jambo jingine. Rafiki yake alitoka nje ya soko la mchezo ili auze kitu chake kwa fedha halisi, jambo ambalo sheria za mchezo zinalikataza. Alikabidhi kitu kwanza, na mnunuzi akatoweka. Akina mama, kama watoto wenu wanacheza michezo hii, waulizeni wanauza nini na kwa nani. Utapeli ni ule ule, umebadilisha nguo tu.

Kwa nini ngao za zamani ni adimu

Ngao ya Kimaasai huitwa elong'o. Waarusha nao, ambao lugha na marika yao yanaungana na ya Wamaasai, walibeba ngao za namna hiyo. Ngao ya vita ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, kwa sababu ni nene na ngumu. Ngozi ilikatwa umbo la yai refu, ikashonewa ukingo wa fito, na nyuma ikawekwa kishikio. Mbele ilichorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo huitwa sirata, nayo haikuwa pambo. Ilimtambulisha mwenye ngao, yaani ni wa kundi gani, na alama nyingine zilikuwa za ushujaa, wala hazikuchorwa na kila aliyetaka. Maelezo ya michoro hiyo yalikwisha kuandikwa vitabuni mapema, na Moritz Merker, afisa wa Kijerumani, mwaka 1904, na Claud Hollis, Mwingereza, mwaka 1905.

Sasa tujibu maswali ya kijana. Je, bado zinatengenezwa? Zile za vita, hapana. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyati kwa wingi katika Afrika Mashariki. Baadaye serikali za kikoloni zilipiga marufuku vita vya kunyang'anyana mifugo, na ngao ikakosa kazi. Nyati wa mlimani kwetu wanalindwa katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Kwa hiyo ngao nyingi mnazoziona leo katika maduka ya vinyago zimetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi kwa ajili ya watalii. Si dhambi. Ni kazi ya mikono inayolisha familia. Kosa ni kuiuza mpya kwa jina la kuukuu.

Je, nani anazitaka? Watalii, wakusanyaji wa vitu vya kale, na makumbusho. Hata Makumbusho ya Uingereza kule London yanazo ngao za Kimaasai. Ngao ya Kimaasai imo katikati ya bendera ya Kenya tangu mwaka 1963. Na hapa kwetu, tazameni Nembo ya Taifa, ile tuliyozoea kuiita Bibi na Bwana. Katikati yake ni ngao, na wanaosimama pande zake ni mwanamume na mwanamke. Mwenzetu alipoiona kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe alisema, "Kumbe na mimi nina upande wangu wa kusimamia." Tulicheka, lakini alikuwa amesema neno.

Ngao huulizwa kama mgonjwa

Katika uuguzi tulifundishwa kwamba huwezi kutaja ugonjwa kabla ya kuchukua historia, kutazama na kugusa. Tulitumia njia hiyo hiyo, tukizunguka kwa vifodi kutoka duka hadi duka, kisha kwa mzee mmoja kule Kisongo ambaye ujana wake aliwaona mafundi wa ngao wakifanya kazi. Haya ndiyo tuliyofundishwa.

Kwanza, historia. Ilikuwa ya nani? Wa rika gani? Ilitoka wapi na imepita mikononi mwa nani? Ngao isiyo na historia ni kama mgonjwa aliyeokotwa barabarani: unaweza kumhudumia, lakini unakisia mengi.

Pili, mtazame nyuma kabla ya mbele. Wanaoghushi huhangaika na mbele kwa sababu ndiko wanunuzi wanakotazama. Kishikio kilichoshikwa miaka mingi hulainika na kung'aa mahali pa vidole tu. Kilichosuguliwa juzi kwa msasa hung'aa kote.

Tatu, gusa. Ngozi ya nyati ni nene na nzito. Ya mbuzi hupinda kwa kidole. Tazama na mshono: je, ni kamba ya ngozi au uzi wa nailoni?

Nne, nusa. Ngao iliyokaa miaka mingi katika nyumba ya moshi ina harufu ya moshi na mafuta iliyoingia ndani. Fundi mmoja alituambia bila kuficha kwamba ngao mpya huzeeshwa kwa kuipaka majani ya chai na kiwi ya viatu. Ukinusa kiwi, umeshapata jibu.

Tano, rangi. Rangi ya asili ilitokana na udongo na masizi, nayo hufifia na kubanduka kama vumbi. Rangi ya kopo hubanduka kwa vipande vyenye kung'aa.

Biblia nayo inatukumbusha kwamba ngao za badala si jambo la leo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 14, tunasoma jinsi Shishaki wa Misri alivyochukua ngao za dhahabu alizotengeneza Sulemani, na Rehoboamu akatengeneza za shaba mahali pake. Walinzi waliendelea kuzibeba kila mfalme alipoingia nyumbani mwa Bwana, kama desturi. Aliyesimama mbali huenda aliona mng'ao ule ule.

Tulichokikuta

Ngao ya mwenzetu ilikuwa ya nyati kweli. Kishikio kilikuwa kimelika mahali pa vidole vinne. Lakini ukingo wa upande mmoja ulikuwa mpya kuliko mwingine, na nusu ya mbele ilikuwa na rangi ya kopo. Shemeji yake alikumbuka: baba yao aliirekebisha na kuipaka rangi upya miaka ya 1970 ili ibebwe katika ngoma za sherehe za Saba Saba. Mzee wa Kisongo aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole chini ya rangi ile, akaonyesha mistari ya zamani. "Wanangu, haijafa," alisema. "Imevalishwa koti."

Bei je? Duka la kwanza walisema laki tatu. La pili, laki nane, wakilalamikia rangi. Mtu wa tatu alitaja milioni moja na nusu, kwa sharti kwamba asiulizwe karatasi wala inakwenda wapi. Kitu kile kile, wiki ile ile.

Hapo ndipo linapokuja la sita, nalo ni karatasi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi ya nyati ni nyara, na biashara yake bila hati na leseni ni kosa. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vya utamaduni wa namna hii havitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo ile milioni moja na nusu haikuwa bei ya ngao peke yake. Ndani yake ilikuwamo na bei ya kosa, na anayebaki na kosa ni yule mwenye anwani inayojulikana, yaani mjane wa Daraja Mbili, siyo mtu aliyekwenda zake na gari.

Mkiwa na kitu kama hicho, nendeni mapema ofisi ya maliasili ya wilaya mkaulize juu ya hati. Hapa Arusha mnaweza pia kuanzia katika Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyomo ndani ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, mkaomba kuelekezwa kwa watu wa Mambo ya Kale. Kuuliza hakuna ada.

Nani aamue?

Lilikuwapo swali jingine ambalo hakuna duka lingeweza kulijibu. Je, mjane ana haki ya kuuza ngao ya ukoo? Ndugu wa mume walisema ni ya ukoo. Watoto walisema ni ya baba. Mama alikaa kimya siku ile mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya wote: "Shemeji, mimi ndiye niliyeipangusa miaka ishirini na sita. Sisemi ni yangu peke yangu. Nasema isiuzwe bila mimi, na mimi sitaiuza bila ninyi."

Penye wazee haliharibiki neno. Walikubaliana kwamba hati itafutwe kwanza kwa jina la familia, na kwamba ikiuzwa siku moja, fedha zimalize deni la hospitali kabla ya kugawanywa. Hadi tunapoandika haya haijauzwa, na deni bado halijaisha. Kijana anatembea kwa gongo moja. Dalali amepita mara mbili, na safari ya mwisho alitaja laki sita bila kuulizwa. Ngao haikubadilika hata kidogo tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni kwamba mama aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa amelala usingizi na alijua anachokishika.

Ushauri wetu

Akina mama wenzetu, hatusemi urithi usiuzwe kamwe. Mtoto ni bora kuliko ngozi, hata iwe ya nyati. Tunachosema ni kwamba thamani ya kitu ijulikane wakati wa amani, si siku ya ambulansi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la shule lenye kurasa tupu. Andikeni kila kitu cha zamani kilichomo nyumbani: kilikuwa cha nani, kilifika lini, kimetengenezwa na nini, nani anakumbuka habari zake. Kipigeni picha, mbele na nyuma. Na kama bibi au babu yungali hai, msingoje Krismasi. Nendeni Jumamosi hii, mkakae naye, kalamu ikiwa mkononi.